Marashi Ndani ya Kioo

Natangaza rasmi, kwa jamaa wa karibu na wa mbali, kwa majirani wa mtaa wetu wa hapa Malindi pamoja na mbuzi wao, na kwa serikali ikiwa ina nafasi ya kusikiliza, ya kwamba leo baada ya Alasiri, mimi mama yako, nimeziba kitobo cha ukubwa wa punje ya choroko katika kioo cha mbele cha gari la ami yako Shali. Kazi imekwenda salama. Hakuna aliyejeruhiwa. Hotuba hazikutolewa.

Wewe hukuona. Ulipomwona ami yako anaingia uani na gari ulitoka kwa mlango wa jikoni, kama unavyotoka kila anapokuja, miaka sita sasa, ukarudi alipokwisha kwenda zake kwa miguu. Gari ameliacha hapa. Kesho ndilo la kukupeleka Mombasa, uwanja wa ndege. Nawe umeshanieleza mbele ya shangazi yako Maimuna kwamba utapanda basi. Kwamba ni afadhali uliburute sanduku lako kwa magoti kuliko kukaa kwenye gari la mtu aliyemuua babako.

Athmani babangu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sitakuandikia mambo ya kuvaa na kula. Hayo yana wenyewe. Shangazi yako amekufungia achari na pilipili za kuwatosha Waarabu wote utakaowakuta huko, na kila chupa ameiandika jina lako, kana kwamba kuna mwingine atakayezitaka. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka sita kama mtu aliyefumba yai mdomoni, hawezi kusema, hawezi kucheka vizuri, na watu wanamsifu kwa upole wake. Ami yako hakumuua baba yako. Aliyekiharibu kioo cha gari alilofia ni mimi.

Kama hukuelewa, rudia kusoma. Kuandika sirudii, mkono haukubali.

Kazi yangu unaijua kwa nje. Unajua kiti cha plastiki, turubai la kivuli, na kile kibao ulichonichorea mwenyewe, MAMA KIOO, herufi za mwisho zikabanana kwa sababu ulianza na kubwa mno. Hujui nilivyoipata. Nilikuwa Bofa, kule Kilifi, nafua na kupiga pasi katika nyumba ya mzungu mmoja mzee. Alipokuwa anarudi kwao kufia huko alitugawia vitu. Mpishi alipata friji, mlinzi akapata baiskeli, mimi nikapewa sanduku jekundu la bati. Nilidhani ni vipodozi. Nilipolifungua nyumbani nikakuta bomba, sindano, kikombe cha mpira cha kung'ang'ania kioo, chupa za gundi nyembamba kama maji, taa ndogo ya zambarau, na kijitabu cha lugha nisiyoijua, chenye picha. Babako alisema niuze. Nilizitazama zile picha jioni tatu nikiamini ni vyombo vya daktari wa meno. Jioni ya nne nikageuza ukurasa, nikaona gari.

Nilikwenda kwa mafundi wa magari nikaomba vioo vilivyotupwa, nijifunzie juu ya kitu ambacho hakiwezi kuharibika zaidi. Niliviharibu zaidi. Lakini kidogo kidogo mkono ulielewa kabla ya kichwa, na madereva wakaanza kuja, kwanza kucheka, kisha na magari yao. Kulikuwa na mmoja wa Ganda, Kazungu, aliyekuwa akiniuliza kila akipita kama na kitobo cha moyo wake nitakiziba. Nilimwambia kile si kitobo, ni dirisha zima limeondoka, aende kwa seremala. Babako alikuwa akiwasimulia watu maneno hayo kama yake.

Sasa nisikilize kidogo mambo ya kazi, maana bila hayo hutajua nilifanya nini. Kioo cha mbele cha gari si kioo kimoja. Ni viwili, na katikati pana utando laini unaovishikanisha. Jiwe likiruka barabarani hujeruhi kile cha nje, likaacha kinyota. Madereva wanakiita kitobo ijapokuwa hakitoboi kitu. Mimi navuta hewa yote iliyomo ndani ya kile kinyota, nasukuma gundi pale hewa ilipokuwa, kisha naikausha kwa jua au kwa taa. Ikikubali, kinyota kinapotea, na kioo kinarudi kuwa kitu kimoja. Lakini gundi ile haipatani na maji. Penye unyevu haishiki. Itakaa pale, itakauka, nawe utaona kazi imekwisha, na ndani hakuna kilichoshikana na kitu.

Na hapa kwetu hewa yenyewe imelowa, tena ina chumvi. Ndiyo maana namwambia kila dereva: ukipigwa na jiwe usioshe, usiguse, weka selotepu hapo hapo, uje. Wanakuja wameshaosha. Wengine wamepaka rangi ya kucha ya wake zao. Mmoja alipaka ya mwanamke mwingine, nasi tukajua kwa rangi. Kinyota kikishaloa dawa yake ni kivuli na kungoja, mpaka siku ya pili, pengine ya tatu. Njia fupi haipo. Nimeitafuta sana, na utasikia nilipofikia.

Ile siku wewe unaikumbuka kwa pilau. Tulikuwa twaenda Junju kumposea binamu yako Faraji. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umevaa kanzu mpya, unajitazama katika kila kitu kinachong'aa. Gari la ami yako ndilo lililokuwa litangulie, na jana yake jiwe lilikuwa limelipiga upande wa kushoto, chini, mbele ya anayekaa pamoja na dereva. Aliweka selotepu kama nilivyomfundisha. Ami yako Shali ndiye dereva pekee Malindi nzima aliyewahi kunisikiliza. Hilo liandike mahali.

Alikuja mapema ili nimalize kabla watu hawajakusanyika. Niliibandua selotepu, nikakisafisha kinyota kwa sindano, kikavu, kizuri, tayari. Nikaingia ndani kuchukua gundi. Niliporudi nilimkuta bibi yako, mamake babako, Mungu amrehemu, analizunguka gari na mrashi mkononi, anasoma dua na kunyunyiza marashi ya waridi ili posa iende kwa heri. Unamjua bibi yako. Hakuwa mtu wa kufanya ibada nusu. Alinyunyiza milango, akanyunyiza magurudumu, akafunguliwa buti akanyunyiza tairi la akiba. Alipofika kwenye kioo cha mbele mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliona tone likitua juu ya kile kinyota kilicho wazi. Lilikaa kidogo. Halafu kikalinywa.

Palikuwa na neno moja la kusema pale. Mama, kimeloa, gari hili leo halifai, tutafute jingine. Ni neno la pumzi moja. Lakini mbele yangu palikuwa na wanaume kumi na kitu waliovaa kanzu, wanawake wako ndani wanafunga sinia, na aliyelowesha ni mkwe wangu, na alicholowesha nacho ni baraka. Nani anapangusa marashi ya dua mbele ya mkwewe kwa kitambaa cha gereji? Nani anasema baraka yako imeharibu kazi yangu? Nilisimama na chupa yangu. Babako akaona nimesimama, akaita kutoka barazani, kwa ile sauti yake ya kutaka watu wacheke: "Mama Kioo, leo utatukosesha mke kwa sababu ya kinyota."

Walicheka. Mimi pia nilicheka. Nikainama nikaanza kazi.

Nilitia gundi juu ya marashi. Kinyota hakikupotea, kiligeuka cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Na kilinukia, Athmani. Kioo kilichonukia waridi sijakiona kabla wala baada. Ami yako alikuwa kando yangu akainama akatazama, akaniuliza kwa sauti ya chini mbona kimeweka weupe. Nikamwambia kitakauka njiani. Kisha kwa sababu ule weupe ulikuwa unaonekana, na mimi jina langu ndilo kibao changu, niliichukua stika ya bima iliyokuwa imebandikwa pembeni, nikaibandua taratibu na kuibandika upya juu ya kile kitobo. Nikailaza kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawasawa. Sheria inataka stika ya bima ionekane. Ilionekana.

Posa ilikubaliwa. Mke tulimpata. Wamekwishaachana, lakini hilo si la kioo.

Nilimwambia ami yako alirudishe gari wiki ile ile nikifungue upya. Hakuja, alikuwa na safari nyingi. Na mimi sikumkumbusha, kwa sababu kukumbusha ni kukiri. Kila nilipomwona anapita nilitazama ile stika, nikaona iko mahali pake, nikapata raha ndogo ya kijinga. Chini yake ufa ulikuwa unatembea. Najua sasa, maana nimeziona nyingine: unatembea kama mzizi, kidogo mchana kioo kikipata moto, kidogo usiku kikipoa, na juu hapaonyeshi kitu. Na kila siku, pale kwenye kizuizi, askari walikiinamia kitobo kile kile, wakaisoma tarehe ya bima, wakampungia mkono apite. Ndicho kitobo kilichokaguliwa kuliko vyote katika pwani hii.

Yaliyotokea barabarani uliambiwa kwa namna moja, nami nakuambia kwa nyingine. Uliambiwa kwamba ami yako alikuwa na pupa, alitaka kulipita gari la mbele, akakutana na lori uso kwa uso. Hakuwa akipita gari lolote. Alikuwa upande wake, mwendo wake wa siku zote, ule uliokuwa ukitukera tukienda naye harusini. Yeye na babako walikuwa wanakwenda Kilifi kumtazama mgonjwa. Lori lilikuwa linakuja limebeba mawe ya kujengea, jiwe moja likaanguka, likapasukia kwenye lami, na kipande cha kama ngumi kikaruka. Kioo kizima kikipigwa na kitu kama kile hupasuka, kikawa kama utando wa buibui, lakini hukaa mahali pake. Nimewaona wengi walioteremka katika magari ya namna hiyo wakilalamikia gharama tu. Hiki kilifunguka kuanzia chini ya stika.

Babako alikuwa amekaa kushoto.

Inawezekana hata kioo kizima kisingestahimili. Nimemuuliza fundi mmoja wa Mombasa, nikijifanya nauliza ya mteja, akasema labda. Hiyo labda ndiyo ninayoilalia miaka sita. Si godoro zuri, ila sina jingine.

Lori halikusimama. Polisi walikuwa na maiti na dereva mmoja, wakamchukua dereva. Tulimzika babako jioni ile ile, unakumbuka, na asubuhi yake mimi mwenye eda nilitoka na buibui langu, watu wakisema, nikampelekea ami yako chai na mahamri kituoni. Ulidhani nimekwenda kumlaani. Wewe mwenyewe uliniambia nimlaani na kwa niaba yako. Nilimkuta amekaa sakafuni, mikono imefungwa bandeji, na kwenye nywele zake bado mna chembe za kioo zinazomeremeta kila akigeuza kichwa. Nilikuwa nimekwenda kumwambia nitasema kweli. Wallahi ndiyo nia niliyotoka nayo nyumbani. Yeye akawahi.

"Shemeji," akasema, "nimeshawaambia nilikuwa napita gari. Stika niliibandua mwenyewe kabla hawajafika. Wewe usiseme kitu."

Nilimuuliza kwa nini.

"Mimi nina mke tu, naye ana ndugu zake. Wewe una watoto wanne na jina. Jina hilo likiharibika, nani atakuletea kioo?"

Nikasema, "Sawa."

Nimekwisha kulitafuta neno hilo pande zote, nione kama lina pa kulishikia. Halina. Mtu alinyosha mkono kuchukua mzigo wangu, nami nikamshikisha upesi upesi, kama mtu anayempa jirani mtoto amshike mara moja, kisha haonekani tena. Alifungwa miezi minane. Leseni ikachukuliwa, na ilimchukua miaka kuipata tena. Mkewe alirudi kwa hao ndugu zake na hakutoka tena huko.

Alipofunguliwa nyumba ya kwanza kuja ilikuwa yetu. Alikuja kwa miguu, amekonda, kanzu inamwogelea. Watu walikuwa wengi barazani. Alikunyoshea mkono, nawe ukaweka wako nyuma ya mgongo, ukasema mbele ya wote: "Muuaji hapewi salamu." Ami yako alirudisha mkono wake, akautazama kidogo, akasema una haki. Mimi nilikuwa namimina chai. Ukiuliza wakati mama yako alipopata nafasi ya pili, ndio huo. Niliendelea kumimina mpaka chai ikafurika, ikajaa kisahani, ikanichoma vidole, na shangazi yako akaniambia pole, akidhani nalia kwa ajili ya marehemu.

Kosa la marashi nalielewa. Lilikuwa haraka na haya. La stika nalielewa pia, lilikuwa kiburi. Hili la chai ndilo sijalielewa, kwa sababu siku ile hakuna aliyenikimbiza. Na kesho yake nilikuwa na nafasi nyingine, na siku zote baada yake. Nikikueleza ukweli ulivyo, hasira yako ilinisaidia. Ilikuwa mgeni mkali, mla sana, asiyeondoka, nami nilishukuru kwamba amefikia nyumba ya pili. Kila ulipotoka kwa mlango wa jikoni nilisikitika, na chini ya masikitiko kulikuwa na mtu anapumua. Mtu huyo ni mimi.

Baada ya hapo nimekuwa fundi mzuri sana. Hili linakera, lakini ni kweli. Watu wanasema Mama Kioo hana haraka, anaweza kukuweka siku mbili kwa kinyota cha punje, na akiona tone la umande anakurudisha nyumbani. Wanadhani ndiyo tabia yangu nilivyozaliwa. Wanawatuma vijana wao waje waone subira ilivyo.

Leo ami yako alipoleta gari, kitobo kilikuwa upande wake, mbele ya macho ya dereva, na selotepu iko juu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alisimama na mwavuli juu ya kioo muda wote, hakujifunika yeye, ungedhani anamkinga bibi harusi. Shangazi yako alipotokeza na mrashi wa marehemu bibi yako nilimnyang'anya nikauficha chini ya kitanda changu. Hajui kwa nini, amenuna, na achari yako moja ameirudisha kabatini. Nilikipima kile kinyota kwa sindano mara tatu. Ami yako hakuniharakisha. Nilipochukua gundi ndipo akasema neno la kwanza kuhusu jambo hili tangu siku ya kituoni.

"Kimekauka?"

"Safari hii kimekauka."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka sita. Nilipokwisha kusukuma gundi nikamwambia kwamba nitakueleza wewe kabla hujaondoka. Alifunga mwavuli, akaukung'uta. Kisha akasema nikuache, una mzigo wa kutosha, utakwenda kuendesha malori ya maji jangwani kwa watu usiowajua, na hasira aliyoizoea mtu ni nyepesi kuliko mpya. Nikamwambia kwamba mara ya kwanza nilimsikiliza na tumefika hapa. Akacheka kidogo. Ana meno machache kuliko alivyokuwa nayo. Akaniachia ufunguo akaenda zake kwa miguu, ili ukirudi usimkute.

Kwa kuwa jua halikuwepo, gundi nimeiwekea taa. Nimeichomeka pale pa kiberiti cha gari, nikageuza ufunguo nusu. Kijitabu kinaonyesha saa yenye mshale mdogo, yaani dakika chache. Mimi nimeongeza, nikaongeza tena. Naiona kutoka hapa nilipokaa, doa la zambarau uani, na mbuzi wa jirani amesimama mbele yake anashangaa. Acha iwake. Gari lake kongwe, kioo nacho si haba, na wa kubebwa ni wewe.

Huko uendako utapigwa na mawe barabarani, changarawe ya jangwani haina adabu. Utaona kinyota kwenye kioo, na atakuwepo mtu mwenye saa mkononi atakayekuambia peleka hivyo hivyo, watu wanangoja maji. Siwezi kukuambia ukatae. Mkataba wako sijausoma, na wewe hukuusoma pia, nilikutazama ulipokuwa unatia sahihi. Nakueleza tu jinsi mimi nilivyosikia siku ile uani: kila mtu alikuwa ananingoja, nikadhani kungojewa ni kitu kizito kuliko vyote. Kumbe wale watu wangengoja. Wangenung'unika, wangekula pilau yao hapa, wangekwenda Junju Ijumaa iliyofuata. Mpaka leo sijui kwa nini nilidhani watakufa.

Na pengine siku moja utakosea, maana wewe ni mwanangu na mikono ni ile ile, na atatokea mtu mwema atakayesema acha, nitalibeba mimi. Ukimkuta mtu huyo, mtazame vizuri. Usimjibu upesi.

Sikuombi unisamehe. Una safari, na jambo hilo halitaki mtu mwenye haraka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki yako kama ami yako alivyosema, ila sasa utakuwa umeipeleka nyumba yake. Ukifika huko ukaona huwezi kuisikia sauti yangu, usinipigie simu, nitaelewa. Au nipigie unitukane. Mtandao ukikatika katikati nitakungoja urudie.

Ninaloomba ni dogo, na si langu. Kesho usitoke kwa mlango wa jikoni. Toka kwa mlango wa mbele, umwambie ami yako shikamoo. Moja tu. Ukishindwa kusema, mpe mkono. Ameuweka tayari tangu siku ile, mimi nimeuona, akija hapa huwa hajui auweke wapi. Kisha panda gari lake mwende. Kaa mbele au nyuma utakavyo. Njia nzima msizungumze kitu mkipenda, mwendo wake ni wa pole, mtakuwa na muda mrefu wa kutozungumza.

Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia. Sandukuni ungeisoma mkiwa angani, na huko haina faida kwa mtu. Bila kiatu hutoki.

Nilikuwa nimeimaliza hapo. Nimechukua kalamu tena baada ya kuswali Alfajiri, kwa kuwa kuna jambo limezuka. Kioo nimekitazama kwa jua la asubuhi, kwanza kwa mbele, kisha kwa upande. Kinyota hakipo. Hata mimi ninayejua kilipokuwa nimekitafuta kwa kidole nisikipate. Ami yako amefika, kanzu nyeupe, amenyoa ndevu. Ila taa niliisahau. Imewaka usiku kucha kwa betri ya gari. Amejaribu ufunguo mara nne, na gari halitoi hata sauti. Shangazi yako ana magoti yake, mimi nina mgongo wangu. Ami yako amesimama uani peke yake, anahitaji mtu wa kusukuma.